Hata Mashua Yenyewe Haipendi

Kuna video nilifuta kwenye ukurasa wangu na bado kuna wasee wananitumia ujumbe kuuliza iko wapi. Ile ya mjomba wangu na ubao. Najua ilichekesha. Ilitazamwa mara laki mbili na kitu ndani ya siku nne, na mimi sijawahi kufikisha hapo, si kabla yake wala baada yake. Leo nawaambia kwa nini haipo, halafu tafadhali tuache hizi komenti za "rudisha ya jahazi". Kwanza si jahazi. Ni mashua.

Mjomba ni fundi wa stima, anaishi Kilifi, ana miaka 53. Si fundi wa vyombo vya bahari. Mafundi wenyewe wapo, nenda Matondoni kule Lamu utawakuta, watu walioanza kushika nyundo wakiwa watoto chini ya baba zao, na wanaunda chombo kizima bila mchoro hata mmoja kwenye karatasi. Jicho na mkono tu. Mjomba hakuzaliwa kwenye hayo. Alianza 2019, akiwa mtu mzima na ndevu zake, kwa kwenda ufuoni kila Jumapili kumkalia fundi mmoja mzee hapo karibu na kumchosha kwa maswali. Halafu akarudi nyumbani, akalaza mkuku nyuma ya nyumba, pale pale ambapo mkewe alikuwa anaanika nguo. Futi 18. Kamba za nguo zikahamishiwa mbele ya nyumba, ambapo kila anayepita njiani anaona shuka zenu. Hiyo kesi haijaisha mpaka leo.

Mimi nilifika hapo baada ya kuacha chuo. Mwaka wa pili, uhandisi. Nyumbani Mombasa kila mtu alikuwa na swali moja, "sasa utafanya nini?", na hakuna aliyeuliza nini hasa kilinishinda. Mjomba naye hakuuliza. Alinipa msasa, akanionyesha taruma moja, akasema, "Lainisha hapo mpaka mkono usikwame." Nililainisha siku mbili. Ilikuwa kazi ya kwanza mwaka huo niliyoanza nikaimaliza.

Basi nikaanza kumrekodi. Na bana, kwa kontenti, mashua inayoundwa nyuma ya nyumba ni dhahabu. Kuna keekee, ile ya kutoboa kwa kuvuta uta kama mtu anayepiga fidla. Kuna tezo, ambayo ukiiona inavyoshuka karibu na kidole cha mguu unafunga macho. Kuna misumari inayozungushiwa pamba chini ya kichwa kabla ya kupigiliwa, ili maji yasipate njia. Yeye mwenyewe anaongea na mbao. "Hebu tulia wewe." Watu walipenda hiyo.

Sasa nieleze kitu kimoja, kwa sababu bila hicho hamtaelewa. Chombo cha mbao hakizibwi kwa gundi. Ubao unakaa juu ya ubao mwenzake, na katikati ya hizo mbili unapiga pamba iliyoloweshwa mafuta, unaishindilia na chembeu na nyundo. Hiyo ndiyo kalafati. Chombo kikiingia majini mbao zinavimba, zinabana ile pamba, na mlango unafungwa. Lakini pamba inaziba ufa mwembamba. Haizibi pengo. Kama ubao wako umeukata vibaya na kuna nafasi ya kidole, hakuna pamba duniani itakayokuokoa. Kwa hivyo kila kitu kinategemea mstari wa penseli: unachukua umbo la ubao wa chini, unalihamishia ubao mpya, unachora, unakata, unachonga mpaka kwenye mstari. Kwenye mstari, si karibu na mstari.

Mwaka jana mjomba alianza kukosa.

Mbao mbili za kwanza alisema ni mbao mbaya. Ya tatu alisema msumeno umeisha meno. Ya nne ndiyo mliyoiona. Ubao wa mwembe, mrefu, mzuri, aliuwekea akiba wiki tatu. Aliuchora, akaukata, akauchonga jioni nzima huku mimi nikirekodi, halafu tukauinua wote wawili mpaka mahali pake. Katikati pakabaki pengo. Mjomba akaingiza kidole chake cha shahada, kikapita mpaka upande wa pili, akakitazama kile kidole. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikia mvua.

Mimi nikavuta kamera mpaka usoni.

Usiku ule nikaikata vizuri. Muziki wa huzuni, kile kidole polepole, halafu sauti ya mbuzi. Si mnakumbuka yule mbuzi. Komenti zikaja kama mafuriko. "Hiyo ni mashua ama chujio?" "Mzee ametengeneza bahari iingie kwa heshima." Nilicheka nyingi, sitadanganya. Nyingine nilizipenda kwa kidole changu mwenyewe, mashahidi wapo.

Alionyeshwa na kijana mmoja barazani. Aliporudi nyumbani aliniambia tu, "Umenipiga vizuri, uso wangu umetoka wote." Kwa mtu wa pwani wa umri wake, hayo ni matusi makubwa kuliko angenipiga kofi. Lakini mimi nilikuwa nahesabu watazamaji, sikusikia.

Kesho yake akaifunika mashua na turubai. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Akaja jamaa mmoja mwenye mkahawa wa wageni akaizunguka, akaigongagonga, akasema angeinunua aikate nusu awe anauzia vinywaji hapo. Pwani hii hayo mambo yapo, chombo kinazeeka kinaishia kuwa kaunta. Lakini kile hakijazeeka, manze, kilikuwa hakijaonja hata maji. Mjomba akasema atafikiria. Na mkewe alikuwa pale verandani kwenye cherehani, mguu haukusimama kukanyaga.

Yeye ni fundi wa nguo. Kwetu mke wa mjomba ni mkaza mjomba, nami namwita anti. Si mwongeaji. Sasa, Ijumaa moja baada ya chakula, watu bado wamekaa mkekani, alitoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha leso yake ya zamani, akakisukuma mbele ya mumewe kama anavyosukuma bakuli la mchuzi.

"Baba watoto, hiki chako."

Mjomba akafungua. Miwani.

Miwani ya kawaida, fremu nyeusi nene, hakuna urembo. Lakini nyuma ilikuwa na mkanda. Aliushona mwenyewe kutoka kwenye ile leso, safu mbili, na kifundo cha kuteleza cha kubana na kulegeza, upana wake hasa wa kupita juu ya masikio na chini ya kofia. Kwa sababu mtu anayechonga kwa tezo anainama, anatoka jasho, na miwani bila mkanda ingeanguka kwenye randa ya kwanza.

Mjomba akacheka kidogo, ile ya pembeni. "Mama watoto, mimi macho yangu mazima. Naona chombo kikiwa bado kule nje baharini."

"Najua waona chombo. Vaa."

"Mimi si mzee."

"Sikusema u mzee. Nimesema vaa."

Akavaa. Akaangalia mlangoni, akasema ukungu mtupu, akataka kuivua. Anti akamwambia asiangalie mlangoni. Akachukua kipande cha ubao alichokuwa amekificha nyuma ya cherehani, kile cha mwisho, chenye mstari wa penseli bado, akakiweka chini mbele yake, mbali kidogo na magoti. Mjomba akainama vile anavyoinamaga. Akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na simu mkononi na sikurekodi. Si kwa sababu ya heshima, nisiwadanganye. Sikujua nini kinatokea.

Alipitisha ukucha juu ya ule mstari. Akasema, "Ipo miwili." Penseli ilikuwa imepita mara mbili, mstari mmoja wa kwanza na mwingine wa kusahihisha, unene wa uzi katikati yao upande huu, na kule mwisho zimeachana nusu inchi. Alikuwa amefuata ule wa makosa. Hakuwa ameona kwamba ni miwili.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Ukifika miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho inazidi kukakamaa, inashindwa kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Mbali unaona sawa, ndiyo maana mtu anabisha kwa nguvu kabisa. Si ugonjwa, inampata karibu kila mtu, itakupata na wewe unayesoma hii gizani na simu imegusa pua. Mjomba alikuwa nayo miaka mingi na anaizunguka: simu anaishika mbali, karatasi ya dawa anampa mtoto amsomee, "herufi za siku hizi ndogo." Sote tulisikia. Sote tulikuwa pale.

Anti alihesabu. Nilipomuuliza baadaye aliniambia bila hata kuinua kichwa kwenye pindo alilokuwa anashona. Mbao zilizoharibika zote zilikatwa baada ya saa kumi jioni, jua likiwa limeshaenda nyuma ya mwembe. Za asubuhi zilikaa sawa. Kama ni mkono, mkono ungekosa asubuhi pia. Kwa hivyo si mkono.

Halafu akaenda kwa watu wa miwani mjini. Wakataka kumpa ya kusomea. Akakataa. Aliwaambia mume wake hasomi mbao, anazichonga, na mbao haishikwi mkononi kama kitabu, iko chini. Wakamuuliza iko umbali gani, na alikuwa na jibu. Alikuwa amelipima. Kila jioni alipompelekea chai aliinama kuweka kikombe kando ya ubao, na mkono wake ukiwa pale alipima kutoka kwenye mstari mpaka usoni pa mumewe: dhiraa moja na nusu ya shibiri. Fundi wa nguo huyo, mkono wake ni futi kamba. Wao wakageuza kuwa sentimita, kama 57, wakampa lenzi dhaifu kuliko ya kitabu, nguvu 1 na nusu. Kwa kitabu ingebidi asogeze mbali. Kwa ubao inakaa pale pale. Ililipwa na sare tatu za shule alizoshona usiku.

Mimi nilikuwa na klipu arobaini na moja za yule mzee. Nilirudi nikaziangalia zote usiku ule. Iko pale, wasee. Klipu ya sita anapepesa macho. Ya kumi na tatu anavuta kichwa nyuma kila anapofika kwenye mstari. Ya ishirini na nane anapapasa penseli iliyo mbele yake. Nilikuwa nimevuta kamera mpaka unaweza kuhesabu vinyweleo vya ndevu, na nilichotafuta ni mahali pa kuweka mbuzi.

Sasa nataka niseme kuhusu zawadi, kwa sababu kizazi chetu tumeharibu hii kitu, na mimi nimo. Msichana niliyekuwa naye nilimpelekea shada la noti siku yake ya kuzaliwa, pesa ya kukopa kwenye simu, nikarekodi akilia. Kumbe alikuwa amenitajia mara tatu kwamba charja yake imekatika na anaazima ya jirani. Mara tatu! Sikuwa mchoyo, nilitumia doh kuliko charja kumi. Sikuwa nimesikia tu. Na hapo kwenye komenti mtaniambia mwanamke akinunulia bwanake vifaa vya kazi ni "mke wa kuunga mkono ndoto". Nilimwambia anti hivyo hivyo, kwa maneno matamu. Akaniangalia kama nimemwagia chai kwenye kitambaa cha harusi.

"Ndoto gani? Mimi hata hiyo mashua yenyewe siipendi. Nataka kuanika nguo zangu."

"Sasa kwa nini…"

"Mjomba wako alirudisha kazi mbili mwezi uliopita. Nyumba ya ghorofa na duka. Watu wamemlipa malipo ya kwanza, akarudisha. Wajua kwa nini?"

Sikujua.

"Nyaya. Zile ndogo za ndani. Hajiamini tena. Anadhani mkono umeisha. Hakuniambia, lakini analala akiushika." Akauma uzi. "Mtu akiacha kitu kwa kuwa amechoka nacho, vyema, aache. Hiyo mashua akiichoka nitaikata kuni mimi mwenyewe. Lakini hakuchoka."

Na hiyo ndiyo sehemu iliyonikaa. Nilidhani habari ni mashua. Mjomba alikuwa anafunika kitu kingine na lile turubai, fundi wa stima wa miaka karibu thelathini anayeogopa waya, na mimi nikamsaidia kuamini kwa watu laki mbili kwamba ni kweli ameisha.

Nilifuta video usiku ule. Asubuhi nikaenda kumwomba msamaha. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno kabisa. Nikamkuta ametoa turubai na amevaa miwani, mkanda umekaa chini ya kofia, anazunguka mashua polepole na kidole kwenye maungio.

Hakuwa na furaha. Nilitarajia furaha. Miwani haikumwonyesha tu anachokwenda kufanya, ilimwonyesha pia alichokwisha kufanya, miaka miwili ya kazi ya jioni. "Subhanallah," anasema, "na hapa pia." Anasogea. "Na hapa." Alitia alama ya chaki kila mahali alipoona kosa, na alipomaliza upande wa kulia ilikuwa kama mtoto amejifunzia kuandika. Mbao nne ilibidi zing'olewe. Zile tulizokwisha kuzipiga pamba. Alikaa juu ya gogo muda mrefu, akavua miwani, mashua ikarudi kuwa nzuri, akaivaa tena.

Nikamwambia, mjomba, ile video nimeifuta. Nisamehe.

"Umeifuta?" Akageuka kwa haraka. "Kwa nini? Mimi naitaka."

"Waitakia nini?"

"Nataka kuona nilikata wapi. Mkono nilianza upande gani." Akapangusa lenzi na ncha ya shati. "Hata siku ile sikuiona vizuri. Simu ya yule kijana ilikuwa karibu mno."

Kwa hivyo baada ya isha tulikaa verandani sote watatu, kompyuta yangu juu ya meza ya cherehani, nikamwekea zile klipu mbichi moja baada ya nyingine, bila muziki, bila mbuzi. Alisogeza kiti mpaka akapata umbali wake. Kila ubao ulipoingia alisema "simamisha", akatazama, akasema "rudi", kisha akaandika namba kwenye kipande cha boksi. Anti alikuwa anashona pembeni na haangalii, lakini kila baada ya muda alisema bila kugeuka, "Hiyo ni ya jioni hiyo," kwa sauti ya kivuli tu nadhani, au labda alikumbuka chai. Alikuwa sahihi kila mara.

Tulipofika ya arobaini na moja, ile ya kidole, nilitaka kuiruka. Akanishika mkono.

"Acha iende."

Ikaenda. Kidole kikaingia, kikatoka upande wa pili. Mjomba akaegemea mbele, akakunja uso, halafu akamgusa mkewe begani.

"Mama watoto, hebu ona. Kumbe lilikuwa kubwa hivyo."

"Mimi niliona," anti akasema, na akakanyaga cherehani.